Pambo Linyaukalo Ndilo Lifunzalo

WAHENGA walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Methali hii imezoeleka mno hata watu wakiisikia hushughulika na pete, wakasahau habari ya chanda. Nami leo, msomaji mpenzi, nakuomba tuiweke pete kando kwa muda wa makala hii, tukitazame chanda chenyewe. Nakusudia kidole cha mtoto wa miaka sita au saba, ambacho zamani kabla ya kila sikukuu hakikukosa kazi, na ambacho siku hizi sikukuu huja ikapita pasi na kushika sindano, ukuti wala gundi.

Yeyote apitaye Marikiti au Mwembe Tayari mjini Mombasa siku chache kabla ya Idi, au kabla ya Krismasi, atayaona mapambo yamening'inia kuanzia mlangoni hadi ndani ya duka. Yako maua ya plastiki yasiyo na harufu, nyota za kumeta, taa ndogo ndogo za rangi, na minyororo ya karatasi inayong'aa kama magamba ya samaki. Yote yametoka ng'ambo yakiwa tayari kutundikwa. Mzazi huingia, akatoa pesa, akatoka na mfuko, na kabla ya maghrib nyumba imekwisha kupambwa. Mtoto yeye hakufanya lolote ila kuinua uso akatazama.

Sina ugomvi na wenye maduka, maana nao wana watoto wa kulisha. Wala siwalaumu wazazi, kwani maisha ya leo yana mbio zake. Ila nina swali moja ambalo naona halina budi kuulizwa: katika sikukuu hiyo, mtoto alipata nini ambacho atakuwa nacho baada ya pambo kuteremshwa?

HESABU YA MWEZI NA HESABU YA UPEPO

Huku kwetu pwani mapambo ya sikukuu yalikuwa yakifuata hesabu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni hesabu ya mwezi. Ukishakwisha mwezi wa Ramadhani, Waswahili huanza kuihesabu mifungo: Mfungo Mosi ndiyo yenye Idi ya kufungulia, Mfungo Tatu ndiyo yenye Idi ya kuchinja, na Mfungo Sita ndiyo ya Maulidi. Hesabu ya pili ni ya pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi na vuli.

Hesabu hizi mbili haziendi sambamba. Mwaka wa mwezi hupungukiwa na siku kumi na moja hivi ukilinganishwa na mwaka wa jua, na kwa hivyo sikukuu za Kiislamu husogea mbele kila mwaka, mpaka zikauzunguka mwaka mzima kwa muda wa miaka thelathini na mitatu hivi. Mtoto aliyeikuta Idi wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na anga kavu, ataikuta ukubwani katikati ya masika, mitaa imejaa matope.

Maana yake ni kwamba haikuwezekana kuwa na pambo moja la kudumu. Vibendera vya karatasi vilivyofaa wakati wa kaskazi havikufaa wakati wa masika, kwani mvua moja tu ilivigeuza kuwa uji. Asmini iliyojaa tele wakati wa joto ilipungua wakati wa baridi ya kusi. Basi kila mwaka ilikuwa lazima watu wazima na watoto wakae, waulizane: safari hii kuna nini mitini? Kuna nini ufukweni? Jambo hilo peke yake lilikuwa darasa. Mtoto alijifunza kuutazama mti na wingu kabla ya kulitazama duka.

ASMINI YA USIKU MMOJA

Tuchukue mfano wa asmini. Maua haya hayachumwi yakiwa yamekwisha kufunuka. Huchumwa alasiri yakiwa bado matumba. Nyanya humtuma mjukuu wake mtini na kumwagiza, “Chuma yaliyovimba yakawa meupe, mwanangu, yenye rangi ya kijani yaache, hayo bado hayajawa tayari.” Mtoto huchuma kidogo kidogo, akayatia katika sahani iliyotandikwa kitambaa kibichi.

Kisha hutolewa sindano nyembamba na uzi. Sindano hupitishwa kwenye shingo ya tumba, si juu wala si chini. Ikipita juu sana ua hupasuka, na ikipita chini sana ua hudondoka. Hakuna kitabu kinachoweza kumwelekeza mtoto mahali hapo, isipokuwa ncha ya kidole chake mwenyewe baada ya kuharibu maua kumi au ishirini. Koja likikamilika, hunyunyiziwa maji na kuachwa. Ikifika saa ya isha yale matumba hufunuka moja baada ya jingine, na nyumba nzima ikahanikiza harufu nzuri. Furaha ya mtoto anayeyaona maua yakifunuka katika uzi alioutunga mwenyewe, hiyo hainunuliki.

Kikuba nacho kina elimu yake. Hapo hukutanishwa vipande vya ua la mkadi, majani ya rihani na asmini, vikapangwa na kufungwa kwa uzi, kisha mwanamke akakibandika kifuani au akakitia katika nywele. Majani ya mkadi yana miba pembeni, na kwa hivyo kuyakata ni kazi ya mkubwa. Kupanga rihani ni kazi ya mdogo. Kila mmoja hupata sehemu yake kulingana na umri wake, na kila mwaka mtoto husogea hatua moja kuukaribia ule mkadi.

Asubuhi ya pili asmini imekuwa rangi ya maji ya kunde. Imekwisha. Hutupwa, wala hakuna anayelia, kwa kuwa mti bado umesimama uani, na mikono iliyotunga bado ipo.

UKUTI MMOJA, SIKUKUU NYINGI

Kama asmini ni ya wenye ua wa nyumba, basi ukuti ni wa kila mtu. Mnazi haumnyimi maskini. Huchukuliwa ukuti mbichi, ukapasuliwa katikati ili kuutoa ule uti wake mgumu, ambao ndio chelewa zifungwazo mafagio. Vipande viwili vilivyobaki ndivyo vitu vya kuchezea. Mtoto hukunja kimoja, akapitisha cha pili ndani yake, akakaza mpaka kikapatikana kifundo cha pembe nne chenye mabawa manne. Kile chelewa kilichotolewa mwanzo hurudishwa kwa kuchomekwa katikati ya kifundo, na hapo kititia kimekamilika. Mtoto hukimbia nacho kuuelekea upepo, nacho kikazunguka.

Tazama hekima yake: hakuna kilichonunuliwa, hakuna kilichotupwa, na kitu kimoja kimekuwa mabawa na mhimili wake. Kutoka kwenye kititia mtoto hupanda kwenda kwenye saa ya mkononi, kisha miwani, kisha mpira wa pembe, kisha panzi na ndege. Akikua zaidi hukabidhiwa ukindu, akaanza kusuka kwa miyaa mitatu kama anayesuka nywele, halafu akaongeza, mpaka akajua kusuka ukili unaofaa kushonwa kikapu kidogo. Kikapu hicho ndicho anachozunguka nacho siku ya Idi nyumba kwa nyumba akipewa mkono wa Idi na jamaa na majirani.

Na isidhaniwe kwamba ukuti ni wa Waislamu peke yao. Huko Rabai, ambako wamishonari Krapf na Rebmann walifanya makao mwaka 1846, mnazi ni mti wa uchumi na wa heshima pia. Ikifika Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka, watoto wa Kikristo hushika matawi ya minazi na mitende, na wapo wanaoyasuka yakawa misalaba midogo. Kunja, pitisha, kaza: ni mwendo ule ule wa vidole ambao mwenzake Mwislamu hutengenezea kititia cha Idi. Kadhalika makuti mabichi hupindwa yakawa malango ya kupitia wageni, ikiwa ni arusi, ikiwa ni Maulidi au ni sherehe ya taifa. Sikukuu zetu ni mbalimbali, lakini mikono ilisomea shule moja.

GUNDI YA UJI

Sisi tuliosomea chuoni tunaikumbuka vyema wiki ya kutengeneza vibendera vya Maulidi. Karatasi za shashi zilinunuliwa chache, nyekundu, kijani na manjano. Maalim alizikunja mwenyewe mara ya kwanza ili zikatwe sawasawa bila kupotea hata kipande. Gundi haikununuliwa. Ilipikwa kwa unga wa ngano na maji, ikakorogwa mpaka ikawa nzito, ikaachwa ipoe. Wadogo walipaka gundi, wa makamo walikunja ukingo wa karatasi juu ya uzi, na wakubwa walipanda ngazi kutundika.

Hapo tulijifunza hesabu bila kujua kwamba tunajifunza hesabu. Kutoka nguzo hii hadi ile ni hatua kumi na mbili: vibendera vingapi vitaenea ikiwa kila hatua ina vinne? Karatasi moja inatoa vibendera vingapi ikikunjwa mara tatu? Tulijifunza pia subira, maana kibendera kilichotundikwa kabla ya gundi kukauka kilianguka mbele ya macho ya watu, na mwenye nacho alijulikana.

Kule Lamu, Maulidi yanayosomwa katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh huwavuta watu kutoka pembe zote za pwani na hata nje ya nchi. Wanafunzi wa madrasa huandamana kwa zefe, matari yakilia na bendera zikipepea mbele yao. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu wengi wakisikia hivyo hufikiria nyumba za mawe na milango ya nakshi. Ni kweli, mawe ni urithi. Lakini jiwe haliwezi kuandamana katika zefe. Anayeandamana ni mtoto, na kile alichokishika mkononi nacho ni urithi, hasa akiwa amekitengeneza mwenyewe.

KISICHOOZA HAKIFUNDISHI

Sasa nafika kwenye kiini cha maneno yangu. Watu husifu pambo la plastiki kwa sifa moja kubwa: kwamba linadumu. Ukilinunua leo utalitia katika sanduku, ulitoe mwakani, na mwaka wa tatu. Mimi nasema sifa hiyo ndiyo ila yake.

Asmini hudumu usiku mmoja. Ukuti hukauka kwa siku chache. Kibendera cha shashi hukomea kwenye mvua ya kwanza. Hina hufifia mkononi baada ya wiki mbili au tatu. Kwa kuwa vyote hivi huharibika, sikukuu ijayo huwa lazima vitengenezwe upya. Kwa kuwa lazima vitengenezwe upya, lazima awepo anayejua kuvitengeneza. Na kwa kuwa anayejua naye huzeeka, lazima awepo mtoto aliyekaa ubavuni pake akitazama. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka sita, ikiwa mwaka una Idi mbili na Maulidi moja, akifika miaka kumi na miwili atakuwa ameirudia kazi hiyo mara kumi na nane. Hapo tena hasahau mpaka kaburini.

Lile la plastiki halioozi, na kwa hivyo halimhitaji mjuzi wala mwanafunzi. Linahitaji sanduku tu. Sikukuu tatu au nne zikipita hivyo, yule mtoto wa miaka sita amekuwa kijana, na yule nyanya aliyejua mahali pa kupitisha sindano ametangulia mbele ya haki. Elimu iliyopokewa mkono kwa mkono vizazi kwa vizazi hukatika kimya kimya, bila ya adui wala vita, ndani ya sebule iliyopambwa vizuri.

Na haikatiki peke yake. Huondoka na maneno. Mimi ni mtu wa mashairi, na maneno ndiyo mtaji wangu, basi naliona hili kwa uchungu. Mtoto asiyewahi kupasua ukuti atalijuaje neno chelewa? Asiyesuka atajuaje tofauti ya mwaa na ukili? Tumba, koja, kikuba, kititia, ukindu, haya si maneno ya kamusi. Ni maneno ya vidole. Vidole visipoyatumia, ulimi nao huyaacha, na lugha tunayojivunia ikabaki na jina moja tu la vitu vyote: “pambo.”

Mnamo tarehe 28 Agosti 2017 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wengi tulishukuru. Mitaro ilipata nafuu. Lakini marufuku ya serikali haiwezi kuingia sebuleni na kutuchagulia maua. Hilo ni letu wenyewe.

KAZI YA MTOTO, MKONO WA FUNDI

Pengine utaniambia, msomaji, kwamba mambo haya sasa ni kazi ya shule. Ni kweli shule imejaribu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, somo la Sanaa na Ufundi lilitiwa maanani, na likatahiniwa katika darasa la nane. Watoto waliambiwa walete vikapu, kamba na vinyago. Lakini wengi wetu tunakumbuka yaliyotokea: kikapu kilinunuliwa sokoni, kikapelekwa darasani, na alama akapewa mtoto ambaye hakuwahi kushika mwaa. Baadaye somo hilo likaondolewa katika mtihani, na kwa watu wengi kisichotahiniwa ni kama hakipo.

 Mtaala wa umilisi uliingia katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, ukarudisha kazi za mikono, ukamtaka na mzazi ashiriki nyumbani. Nia ni njema kabisa. Hata hivyo vilio vilisikika: mzazi anarudi kazini saa mbili usiku, anakuta mtoto ameagizwa alete pambo au kinyago asubuhi. Wengine hufanya kazi yote wao wenyewe huku mtoto amelala. Wengine hukimbilia fundi. Tumerudi pale pale: pambo limefika shule, mkono wa mtoto umebaki mtupu.

Ufumbuzi, kwa maoni yangu, si kuilaumu shule. Kazi ya mikono haiwezi kuagizwa usiku ikavunwa alfajiri. Inahitaji msimu. Zamani ilifanywa nyumbani na chuoni kwa muda wa wiki nzima kabla ya sikukuu, bila alama na bila mtihani, na mtahini alikuwa ni jirani apitaye njiani akasema, “Mashallah, hiki amekifanya nani?” Mcheza kwao hutunzwa, na tunzo ya mtoto ni swali hilo.

MTAA USIO NA MNAZI

Wako watakaosema kwamba wao wanakaa ghorofa ya nne, hawana ua wala mnazi. Nawajibu kwa habari ya watoto wa Kiunga na Kiwayu, kaskazini ya Lamu. Mawimbi ya bahari yalikuwa yakiwaletea ufukweni ndara, au kandambili kama wengine wanavyoziita, zilizotupwa na watu wa nchi za mbali. Watoto hawakungoja semina. Walizikata wakatengeneza mashua na vigari vya kuchezea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa mambo ya bahari, Julie Church, aliviona vitu hivyo, akawahimiza akina mama wa huko waziokote ndara, wazioshe na kuzichonga. Kutokana na mchezo huo wa watoto ikazaliwa kazi ya mikono ambayo vinyago vyake vya rangi vinauzwa mpaka ng'ambo.

Wala hapo hapakuwa mwisho. Kule Lamu mafundi waliunda chombo kwa taka za plastiki, kikafunikwa kwa vipande vya ndara zipatazo elfu thelathini, kikaitwa Flipflopi. Mapema mwaka 2019 kilisafiri kwa matanga kutoka Lamu hadi Unguja, safari ya kilomita mia tano hivi. Basi anayesema hana cha kutengenezea, natazame kwanza kapu lake la takataka. Gazeti hili unalolisoma likikatwa na kukunjwa hutoa vibendera vya kutosha sebule moja. Maganda ya mayai, vitambaa vya fundi cherehani, mbegu za tikiti na za boga zilizokaushwa, vyote hutungika. Kinachopungua si vifaa. Kinachopungua ni mtu mzima wa kukaa chini.

MACHACHE YA KUZINGATIA

Kwa wazazi watakaopenda kujaribu sikukuu ijayo, nina mawaidha machache.

Kwanza, anzeni mapema. Wiki moja kabla inatosha, nusu saa kila jioni baada ya alasiri. Mtoto akichoka, aachwe. Samaki mkunje angali mbichi, lakini usimvunje.

Pili, kazi igawanywe kwa umri. Kisu na mkasi mkali ni vya mkubwa. Gundi, kupanga rangi na kuhesabu ni vya mdogo. Asikose hata mmoja sehemu yake, na wavulana wasiachwe nje kwa kisingizio kwamba kutunga maua ni kazi ya wasichana. Sindano ni ile ile anayoijua mshona kofia, na kofia zetu za viua zimeshonwa na wanaume tangu zamani.

Tatu, tahadhari na piko. Hina ya majani ya mhina, iliyotwangwa, ikachekechwa na kukandwa kwa maji ya ndimu, haina neno. Lakini ile nyeusi ya dukani, ambayo asili yake ni rangi ya nywele, huwa na dawa iitwayo parafenilenidiamini. Dawa hiyo huweza kuichoma ngozi, ikatoa malengelenge na kuacha makovu, na ngozi ya mtoto ni laini. Mtoto apakwe hina tu, tena ya fumba yatosha: afumbe kiganja, afungwe kitambaa, alale nayo.

Nne, na hili ndilo kubwa, msikirekebishe kila kitu. Mzazi akiona kibendera kimepinda, mkono humwasha kukinyoosha. Na akizuie chake. Kibendera kilichopinda kikatundikwa kwenye mlango wa mbele ni cha mtoto, na wageni watakiuliza. Kilichonyooshwa na mama ni cha mama, na mtoto analijua hilo hata asiposema.

Tano, waiteni wazee. Kama nyanya au babu yupo, asiachwe pembeni ya chumba akitazama televisheni. Awekwe katikati, apewe ukuti, na watoto wamzunguke. Mara nyingi mikono ya mzee hukumbuka yale ambayo ulimi wake umesahau, na akianza kukunja, hadithi nazo hufuata.

Baada ya sikukuu, mapambo yakinyauka, yatupeni bila huzuni, kisha mwambieni mtoto maneno haya machache: “Mwakani, inshallah, utatufanyia wewe.” Na kwa kuwa sikujaaliwa kumaliza maneno bila ya kutunga, nakuachia, msomaji, beti hizi mbili:

Pambo la duka halozi, hukaa mwaka kwa mwaka,
Halihitaji mjuzi, wala mtu kulisuka,
La ukuti na la uzi, siku tatu hunyauka,
Mkono uliofunzwa, ndio pambo la daima.

Mwanao mpe ukuti, umwelekeze kushika,
Usihesabu wakati, kazi njema si haraka,
Likipinda usiteti, na kesho litanyooka,
Mkono uliofunzwa, ndio pambo la daima.